Nani anachagua wakubwa wa Kongo? Mukono wa inchi za kigeni tangu 1960 mpaka leo

Kila mara uchaguzi unapokaribia, kuko maneno yenye inarudi katika soko za Kindu, kwenye kivuko cha Alunguli na kati ya wamotari: watu wapige kura ao wasipige, wakubwa wa inchi wamekwisha kuchaguliwa inje. Wengine wanasema ni Bruseli, wengine Washington, wengine Kigali.

Maneno hayo iko na sehemu ya kweli. Maandishi ya siri yenye inchi za kigeni zenyewe zilifungua kisha miaka mingi yanaonyesha kwamba zilitia mukono, tena zaidi ya mara moja, katika kazi ya kupanga nani ataongoza Kongo. Lakini historia ile ile inaonyesha jambo lingine: hakuna mugeni aliyefaulu bila Mukongomani kumufungulia mulango kutoka ndani. Tofauti hiyo si ndogo. Mutu mwenye anaamini kwamba kura yake haina kazi anabaki nyumbani, na biro ya kura inabaki bila macho.

Juni 1960: waziri wa Ubelgiji na kiti cha waziri mukuu

Uchaguzi wa kwanza wa bunge ulifanyika Mei 1960, mbele ya uhuru. Maniema ilikuwa wakati ule distrikti ya provensi ya Kivu. Chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata viti 33 kati ya 137 vya Baraza la Wabunge, na pamoja na marafiki wake wa karibu kilifika 41. Hakuna chama kingine kilichofikia hesabu hiyo.

Hata hivi, mutu wa kuunda serikali hakutajwa na Wakongomani. Alitajwa na Walter Ganshof van der Meersch, waziri mwenye Ubelgiji ilimutuma Leopoldville, leo Kinshasa. Alimupa Lumumba kazi ya kutafuta kama anaweza kupata wabunge wa kutosha. Kisha siku chache alimunyanganya na kumupa Joseph Kasa-Vubu.

Kilichobadilisha mambo ni kura ya wabunge. Tarehe 21 Juni Baraza lilichagua mukubwa wake, na Joseph Kasongo wa MNC alishinda kwa kura 74. Hapo ilionekana wazi wabunge wengi wako upande gani, na Mubelgiji alilazimika kurudisha kazi kwa Lumumba. Siku tatu kisha, wabunge na maseneta walimuchagua Kasa-Vubu kuwa raisi. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni.

Mara nyingi sehemu hii ya historia inasahauliwa. Mukoloni alijaribu kupanga karata mpaka siku za mwisho, na wabunge wenye walisimama pamoja walimuzuia.

Redio, viwanja vya ndege na sumu

Umoja huo haukudumu. Julai 1960 askari waliasi, Katanga ikajitenga na Moise Tshombe, na askari wa Ubelgiji wakarudi. Lumumba aliomba musaada kwa Umoja wa Mataifa, kisha kwa Umoja wa Kisovieti. Wakati ule wa vita baridi, Marekani ilimuona kuwa hatari.

Tarehe 26 Agosti 1960, Allen Dulles, mukubwa wa CIA, aliandikia ofisi yake ya Leopoldville kwamba kumuondoa Lumumba ni kazi ya kwanza na ya haraka. Munamo Septemba mutaalamu wa CIA, Sidney Gottlieb, alileta sumu Leopoldville. Haikutumiwa. Mambo haya si hadithi ya soko: yalitangazwa mwaka wa 1975 na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, yenye seneta Frank Church aliongoza.

Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza ku redio kwamba amemufukuza Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba amemufukuza Kasa-Vubu. Baraza la Wabunge lilifuta maneno ya wote wawili, na Seneti ilisimama upande wa Lumumba kwa kura 41 kwa 2. Lakini wakubwa wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamefunga redio ya Leopoldville na viwanja vya ndege. Lumumba hakuweza kusema na wanainchi, wala kuleta askari wake. Kasa-Vubu alikuwa na redio ya Brazzaville, ngambo ya mto, kwa rafiki yake Fulbert Youlou. Tarehe 14 Septemba, koloneli Mobutu alitangaza kwamba amewaweka kando wanasiasa wote.

Lumumba alitoroka Leopoldville mwisho wa Novemba akielekea Stanleyville, leo Kisangani. Alikamatwa Kasai, na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Munamo 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba wakubwa kadhaa wa Ubelgiji walikuwa na mzigo wa kiutu juu ya kifo hicho, na mwaka wa 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba musamaha. Jino la Lumumba, kitu pekee chenye kilibaki ku mwili wake, lilirudishwa kwa jamaa Juni 2022.

Lakini majina ya Wakongomani yako pia ndani ya ripoti hizo: wenye walimukamata, wenye walimupakia ndani ya ndege, wenye walimupokea Elisabethville, leo Lubumbashi. Mugeni alitaka. Wenyeji walitekeleza.

Pesa ya Lovanium

Kisha kuanguka kwa Lumumba, Antoine Gizenga alianzisha serikali nyingine Stanleyville, na Umoja wa Kisovieti, Misri na inchi zingine ziliitambua. Inchi moja ilikuwa na serikali mbili, kila moja na marafiki zake wa inje. Kindu ilikuwa upande wa Stanleyville, na ugomvi ule uliacha damu hapa: Novemba 1961 askari waliua Waitalia 13 wa Umoja wa Mataifa wenye walikuwa wameleta vyakula na vifaa kwa ndege, wakizani ni adui.

Ili kupata serikali moja, wabunge waliitwa Julai 1961 katika chuo kikuu cha Lovanium, Leopoldville. Walifungiwa ndani, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, ili mutu asiwanunue. Tarehe 2 Agosti Cyrille Adoula akawa waziri mukuu.

Ulinzi ule haukuzuia pesa. Maandishi yenye serikali ya Marekani ilichapa mwaka wa 2013 yanaonyesha kwamba CIA ilitoa pesa kwa siri ili kusaidia Adoula ashinde, kisha kumusaidia yeye na kundi lenye lilimuzunguka Mobutu waendelee kutawala. Kama pesa ilipita, kuko mutu aliyeitoa na kuko mutu aliyeipokea.

Munamo 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki, Kindu pia. Muji ulirudishwa Novemba mwaka ule na jeshi lenye lilikuwa na wazungu wa kukodiwa na maofisa wa Ubelgiji, na ndege zenye CIA ilitoa. Mwaka mmoja kisha, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alichukua utawala wote, wakati Kasa-Vubu na Tshombe walikuwa wanagombana juu ya nani atakuwa waziri mukuu.

Zaidi ya miaka 31 ya mutu mmoja

Mobutu aliitisha uchaguzi wa raisi mwaka wa 1970, 1977 na 1984, na kila mara alikuwa mugombea peke yake. Inchi zenye zilisema zinapenda demokrasia hazikulalamika sana. Maraisi kadhaa wa Marekani, kati yao Kennedy na Bush baba, walimupokea Washington. Wakati waasi waliingia Shaba, jina la Katanga wakati ule, mwaka wa 1977, askari wa Moroko walifika na ndege za Ufaransa. Mwaka uliofuata, askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji walishuka Kolwezi.

Hii ni njia nyingine ya kuchagua mukubwa wa inchi ya wengine: si kumuleta, ni kumuzuia asianguke. Vita baridi vilipoisha, musaada ulikauka. Mwaka wa 1990 Mobutu alikubali vyama vingi, na Agosti 1992 Mukutano Mukuu wa Taifa, wenye wajumbe walitoka pembe zote za inchi, ulimuchagua Etienne Tshisekedi kuwa waziri mukuu. Mobutu alimufukuza kisha miezi michache. Safari hii, kura ya Wakongomani iliharibiwa na Mukongomani.

Wakati bunduki inachagua

Munamo Oktoba 1996 uasi wa AFDL ulianza Kivu, na Kindu ilianguka mapema mwaka wa 1997. Askari wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Julai mwaka ule, Paul Kagame aliambia gazeti la Marekani, Washington Post, kwamba Rwanda ndiyo ilipanga na kuongoza vita ile. Uganda na Angola zilisaidia pia. James Kabarebe, ofisa wa Rwanda, akawa mukubwa wa wakubwa wa jeshi la Kongo.

Kabila alipowarudisha kwao Julai 1998, vita mupya ilianza tarehe 2 Agosti. Uasi wa RCD, wenye Rwanda ilisaidia, uliteka Kindu Oktoba 1998 na kuishika mpaka wakati wa mapatano ya 2003. Wakaaji wa Maniema wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanakumbuka maana yake: gavana alikuwa anatajwa Goma, na hakuna mutu wa Kindu aliyeulizwa.

Hali hiyo si ya zamani tu. Januari na Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliteka Goma na Bukavu na kuweka magavana wao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba Rwanda inasaidia M23, Rwanda inakataa. Mukubwa wa AFC ni Corneille Nangaa, Mukongomani mwenye aliongoza CENI katika uchaguzi wa 2018.

Sun City, CIAT na mushahara wa demokrasia

Vita ya pili iliisha kwa mapatano yenye yalitiwa sahihi Pretoria Desemba 2002 na kumalizika Sun City, Afrika ya Kusini, Aprili 2003. Yalileta raisi mumoja na makamu wane: Joseph Kabila, pamoja na Azarias Ruberwa, Jean-Pierre Bemba, Abdoulaye Yerodia na Arthur Z'ahidi Ngoma. Hakuna hata mumoja aliyepigiwa kura. Mabalozi wa inchi kubwa, wa inchi kadhaa za Afrika, na MONUC walikaa pamoja katika kamati ya CIAT ili kuangalia kama wanaheshimu mapatano.

Mabalozi hao walisukuma wakubwa mpaka uchaguzi ukafanyika. Kwa kura ya tarehe 30 Julai 2006, watu zaidi ya milioni 25 walikuwa wameandikishwa. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka inje, sana sana kwa Umoja wa Ulaya, na ndege za MONUC zilipeleka vifaa mahali ambapo barabara hakuna. Watu wengi wa Maniema walipiga kura huru mara ya kwanza katika maisha yao.

Kwa hiyo musaada wa inje hauna uso mumoja. Kulipia sanduku la kura si sawa na kununua wabunge. Lakini mwenye analipa karamu anataka pia kusema muziki gani upigwe. Ndiyo sababu serikali ya Kinshasa ilikataa pesa ya inje kwa uchaguzi wa 2018 na kusema kwamba uhuru wa inchi unaomba inchi ijilipie.

2018: Geneva, Nairobi, Addis Ababa

Uchaguzi wa 2018 unastahili kuangaliwa kwa makini, sababu ulilipiwa na Kongo yenyewe, na bado njia zake zilipita inje.

Upande wa utawala, Joseph Kabila alimutaja Agosti 2018 mutoto wa Maniema, Emmanuel Ramazani Shadary, muzaliwa wa Kasongo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kumuwekea vikwazo tangu Mei 2017, wakati alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Upande wa upinzani, wakubwa saba walikutana Geneva, Uswisi, na tarehe 11 Novemba walimuchagua Martin Fayulu. Siku moja kisha, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe walitoa sahihi yao, na tarehe 23 Novemba waliungana wao wawili huko Nairobi. Hakuna mukutano hata mumoja kati ya hii uliofanyika ku udongo wa Kongo.

Kura ilipigwa tarehe 30 Desemba, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi. CENI ilitangaza Tshisekedi na asilimia 38,57, Fayulu 34,83 na Shadary 23,84. Maaskofu wa Katolika, wenye walikuwa na waangalizi 40.000 hivi, walisema matokeo hayo hayalingani na yenye waliona. Matokeo ya biro moja moja CENI haikuyatangaza.

Tarehe 17 Januari 2019, maraisi wenye walikutana Addis Ababa kwa jina la Umoja wa Afrika walisema kuko mashaka makubwa, na kuomba Kinshasa isitangaze matokeo ya mwisho kwanza. Siku tatu hazikupita, Korti ya Katiba ilikata: Tshisekedi ameshinda. Inchi za kusini mwa Afrika zilimupongeza. Wajumbe wa Umoja wa Afrika wenye walipaswa kufika Kinshasa hawakuja tena, na Marekani ikamutambua. Ku sherehe ya kuapa ya tarehe 24 Januari, raisi mugeni alikuwa mumoja tu, Uhuru Kenyatta wa Kenya.

Mashaka hayakujibiwa. Yaliwekwa kando. Wageni hawakupiga kura na hawakuihesabu, lakini kukubali kwao ndiko kulifunga mazungumuzo.

Neno lenye linageuka fimbo

Munamo kampeni ya 2023 maneno juu ya wageni yalichukua njia nyingine. Raisi Tshisekedi alishambulia wapinzani wake kuwa wagombea wa wageni. Mbele ya hapo, kulikuwa mupango wa sheria wenye ulitaka uraisi uwe tu kwa mutu mwenye baba na mama ni Wakongomani. Wengi waliona kwamba unamulenga Moïse Katumbi, mwenye baba yake alitoka Ugiriki. Sheria hiyo haikupita. Katiba, katika kipengele cha 72, inaomba raisi awe Mukongomani wa asili.

Mwananchi ana haki ya kuuliza nani analipia mugombea. Lakini kusema tu kwamba mutu ni wa wageni, bila ushahidi, ni njia ya kukwepa maswali juu ya barabara, mishahara na maji. Na wakati watu wanatafuta mukono wa Kigali ao wa Washington, wanaweza kukosa kuona mukono wenye uko karibu. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na viti vingine, juu ya udanganyifu, vurugu na kushika mashini za kupigia kura bila haki. Hao hawakuwa wageni.

Milango mitatu

Ukiweka mambo haya yote pamoja, mukono wa inje unapitia milango mitatu. Wa kwanza ni pesa: Lovanium 1961 inaonyesha. Wa pili ni bunduki: 1964, 1997, 1998, na leo Goma na Bukavu. Wa tatu ni kutambuliwa: redio ya 1960 yenye ilifungwa kwa mumoja na kufunguliwa kwa mwingine, salamu za pongezi za 2019. Kila mulango una kitasa upande wa ndani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya Kongo iko wazi. Kipengele cha 5 cha katiba kinasema utawala ni wa raia, wenye wanautumia kwa kura. Kipengele cha 64 kinamupa kila Mukongomani kazi ya kupinga mutu ao kundi lenye linachukua utawala kwa nguvu.

Mulango wa bunduki ni mugumu kwa raia kuufunga peke yake. Lakini mulango wa tatu unaegemea jambo moja lenye liko karibu naye: kama hesabu ya kura inajulikana na watu wote, ni vigumu kwa balozi ao raisi wa inchi jirani kukubali hesabu nyingine. Kwa sheria, kisha kuhesabu kura, karatasi ya matokeo inapaswa kubandikwa mbele ya kila biro ya kura, na mashahidi wa vyama wanapata nakala yao. Ku Kasuku kama ku Mikelenge, ku Pangi kama ku Kabambare, mutu anaweza kungoja usiku ule, asome karatasi ile, aandike hesabu, ailinganishe na ile yenye Kinshasa itatangaza.

Wabunge wa Juni 1960 hawakuwa na bunduki wala pesa ya kushinda Ubelgiji. Walikuwa na kura 74 zenye kila mutu alizihesabu mbele ya macho yake, na kwa siku ile zilitosha.